Mshale wa Mashuka

Kama woga ungelipwa mshahara, Bi Mashuka angestaafu tajiri. Aliogopa radi, aliogopa mbwa hata waliofungwa, aliogopa lifti na watu wanaoongea taratibu sana. Paa la hospitali pekee ndilo ambalo hakuliogopa, ingawa lilikuwa ghorofa ya nne, kwa sababu alipanda kwa ngazi huku kazi iko mikononi. Miaka kumi na minne alikuwa dobi pale, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu.

Juu ya paa hapakuwa na mahali pengi pa kufunga kamba. Zake tatu zilianzia kwenye nguzo moja iliyokuwa ukingoni. Moja ndefu ilipita katikati mpaka kwenye tangi la maji, na mbili fupi zikarudi nyuma kwa mshazari, kushoto na kulia. Ya katikati ilikuwa ya chumba cha upasuaji. Ya kushoto ya wodi za kawaida. Ya kulia ya wodi ya maambukizi, ambayo mashuka yake hufuliwa mara mbili kwa dawa kali, siku mbili mfululizo, na katikati huanikwa juani yakiwa bado hayajawa safi. Mashuka yote yalikuwa meupe, ya bunda moja, na alama za wino zilishafutwa na dawa. Kamba ndiyo iliyokuwa alama. Utaratibu huo aliutunga mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Jumatatu asubuhi puto likaonekana angani.

Lilikuwa jeupe, juu sana, dogo kama tembe ya dawa, na halikwenda popote. Redio ikasema linadhaniwa kuwa la nchi ya kigeni, huenda linapeleleza, wataalamu wanalichunguza, wananchi watulie. Na hakuna kitu kinachomtoa mtu utulivu kama kuambiwa atulie. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara akaingiza viti ndani. Shule ikawafungia watoto madarasani wakati wa mapumziko. Jirani yake Bi Mashuka akafunika tangi lake la maji kwa turubai, eti wasije wakahesabu lita. Wengine walisema lile dude linasikia mazungumzo mpaka ya chumbani. Waliobisha waliambiwa lisemwalo lipo, kama halipo laja. Bi Mashuka hakubisha. Alianza kusali kwa kunong'ona, Mungu asikie peke yake.

Lakini kazi haikungoja, na wiki ile alikuwa na jambo zito kuliko puto. Mdogo wake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa amelazwa ghorofa ya pili na uvimbe tumboni. Damu ilikuwa inamwisha. Upasuaji ulishaahirishwa mara mbili. Daktari mpasuaji alikuja Alhamisi tu, na safari hii alisema wazi kwamba mgonjwa akikosa Alhamisi hii, yeye haahidi kitu.

Jumatano mtu fulani kwenye jengo refu la jirani akapiga picha ya paa la hospitali. Kutoka kule juu, mashuka ya Bi Mashuka yalikuwa mshale mweupe kabisa, hata mtoto angeutambua, na ncha yake ilielekea darajani, kwenye daraja kuu la mji. Picha ikazunguka kwenye simu za watu kabla ya chakula cha mchana. Maneno yaliyoambatana nayo yalisema kuna msaliti hospitalini anaionyesha adui njia.

Alasiri akaitwa ofisini, hapo hapo hospitalini, ambako polisi alikuwa anamngoja. Afande alikuwa kijana mwenye kofia mpya, na alikuwa anaongea taratibu sana.

"Mama, mshale huu umeuchora wewe?"

"Sijachora, afande. Nimeanika."

"Nani alikuambia uanike hivi?"

"Hakuna. Nguzo ni moja tu." Alitaka kueleza habari ya kamba, lakini ulimi ulikuwa mzito.

"Kesho nisiuone," afande akasema. "Anika utakavyo, ila mshale nisiuone. Watu wana hasira. Mimi siwezi kuwazuia wote."

Hapo ndipo woga ulipomfanyisha kosa ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka kumi na minne. Alhamisi saa mbili asubuhi alifungua kamba zote tatu akazitupa pembeni. Kisha akainama, asionekane kutoka barabarani, akatoa mashuka kwenye matenga matatu na kuyatandaza popote: ukutani, kwenye mabomba, juu ya tangi. Alichukua moja hapa, jingine pale, makusudi, ili pasionekane mstari hata mmoja. Hakutazama juu. Alishuka mbio, akashukuru kwamba kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.

Saa tano alipanda kuyaanua. Alivuta shuka la kwanza ukutani, akaligeuza upande huu na upande ule, kisha akasimama nalo mkononi. Hakujua ni la nani. Akavuta la pili. Hakujua. Yalikuwa mashuka sitini, na ishirini kati yake yalitoka wodi ya maambukizi, yamefuliwa mara moja tu. Mengine ishirini yalitakiwa kumfunika mdogo wake saa kumi jioni, tumbo likiwa wazi.

Akakaa chini. Akisema, ataambiwa amechanganya makusudi, maana msaliti ni msaliti tu. Asiposema, hakuna atakayejua, na pengine mashine ya mvuke itaua kila kijidudu. Pengine. Alilirudia neno hilo mara kadhaa na halikumpa raha hata kidogo.

Akashuka kwa sista wa chumba cha upasuaji, mama mmoja mkavu asiyecheka, akamwambia yote.

Sista akatazama saa ya ukutani. "Mvuke unaua, mama, hauondoi uchafu. Mengine sina. Nikiyapata makavu saa nane, saa kumi tunaanza. Nisipoyapata, daktari anaondoka."

Walifua wote wawili, sista amekunja mikono ya gauni lake, mashuka ishirini yoyote ya kutosha upasuaji, kwa dawa kali, mpaka vidole vikawasha. Ilipofika saa sita kasorobo, Bi Mashuka alikuwa juu tena, matenga yamejaa. Ukutani hayangekauka kwa saa mbili. Asubuhi yalikawia karibu tatu na bado mapindo yalikuwa mabichi. Yalihitaji upepo pande zote mbili. Yalihitaji kamba zote tatu, yasigusane, na nguzo ilikuwa moja.

Akaziokota kamba alizozitupa pembeni. Akapiga moyo konde, akafunga ya katikati, akafunga za pembeni, akaanika.

Haikupita nusu saa kelele zikaanza kule chini. Mtu akapiga geti. Jiwe likagonga ukuta wa ghorofa ya tatu, jingine likavunja kioo. Bi Mashuka alichuchumaa katikati ya mashuka akilia kwa hofu, na kila baada ya dakika chache aliinuka kuyageuza. Mlango wa ngazi ukafunguka. Alikuwa afande, anahema.

"Mama, nilikuambia nini?"

"Niache mpaka saa nane. Yakikauka nitashuka mwenyewe."

"Yaondoe sasa hivi."

"Njoo uyaondoe wewe, afande."

Afande akatazama angani. Mguu wake mmoja ulikuwa kwenye kizingiti, na ulibaki hapo hapo. Walikaa hivyo, yeye mlangoni chini ya dari, mama juani, puto juu yao, mpaka saa nane.

Bi Mashuka aliyaanua, akayashusha, akamkabidhi sista mkononi. Hakupata nafasi ya kumwona mdogo wake. Polisi walimtoa yeye kwa mlango wa nyuma na koti la afande kichwani, na bado mtu mmoja alimtemea mate.

Kituoni walimweka kwenye chumba chenye meza na benchi. Aliulizwa nani alimtuma, alilipwa na nani, darajani kuna nini. Kila swali alijibu kwa swali lile lile.

"Saa ngapi sasa?"

"Mama, jibu unachoulizwa."

"Nitajibu yote. Saa ngapi?"

Ilipotimia saa kumi na robo alianza kutetemeka vibaya, meno yakigongana. Si puto tena, wala si wale wa getini. Alikuwa anafikiria tumbo la mdogo wake, na shuka moja, moja tu, lenye pindo ambalo labda halikukauka.

Afande akaweka kalamu chini na kutoka. Alikawia. Aliporudi hakukaa.

"Nimepiga simu hospitali," alisema. "Wameshamwingiza. Sista anasema mashuka yametosha, na yote yalikuwa makavu."

Bi Mashuka akainamisha kichwa mezani, akalia kwa sauti, bila kujali nani anamsikia.