Kadi Niliyoisugua kwa Majivu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msitafute mvi kichwani mwangu. Nimekuwa koko, yaani bibi, mapema: niliolewa mapema, na binti yangu akafanya haraka kuliko mimi, wala sikumpigia vigelegele. Shule niliacha mwaka wa tatu. Kwa hiyo naandika ninavyosema.

Harufu ya majivu yaliyoloa maji siivumilii mpaka leo. Wenzangu wakisugua vyombo wanaimba. Mimi nageuza uso, na mjue sababu.

Baba yangu, ambaye Kamembe nzima, mji wetu wa Rwanda mpakani na Congo, ilimwita Papa Josiane kwa jina langu mimi mtoto wake wa kwanza, alikuwa mpiga picha. Tuliporudi kutoka Congo alikuwa na kamera ya filamu. Ulipigwa picha leo, ukauona uso wako baada ya wiki mbili, na pengine umefumba macho. Kisha akanunua kule Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kamera ya dijitali iliyokwisha kutumika Ulaya. Ndani yake iliingia kadi nyeusi, nyembamba sana, pana kama kiberiti, upande mmoja una bamba la dhahabu. Watu waliiita biskuti. "Papa Josiane, biskuti yako imeshiba?" walimtania sokoni, maana ikijaa ilimbidi afute nyuso za wengine ili aingize zao.

Ilikuwa ajabu wakati ule. Wakulima wa mpunga walipanda kutoka Bugarama wakiwa na mashati yao mazuri kwenye mfuko, wabadilishe nyuma ya duka, wajione hapohapo kwenye kioo kidogo cha kamera. Bibi harusi mmoja alijiangalia akasema, "Hapana, huyu si mimi, rudia." Alirudiwa mara sita. Wapiga picha wa filamu walinuna.

Lakini biskuti haikudumu. Zilikuja kamera nyingine zenye kadi ndogo, nene kidogo, na maduka yakaacha kuleta za baba. Kati ya tatu alizokuwa nazo, moja ilivunjika, nyingine ilianguka ziwani, ikabaki moja. Duka la Kamembe lililotoa picha kwenye karatasi likatupa mashini ya kusoma kadi hizo. Tuliambiwa imebaki moja tu, Bukavu.

Na kwenye kadi hiyo moja alikuwemo Désiré, mdogo wangu. Ana miaka mitatu, amekaa ndani ya beseni jekundu, sabuni kichwani, anacheka. Malaria ilimchukua kwa siku nne. Picha nyingine hatukuwa nayo. Mama aliomba itolewe kwenye karatasi, na kila mara baba alijibu, "Maman Josiane, picha iko mule ndani. Haiwezi potea." Nadhani aliogopa kuishika mkononi. Mwaka ukapita hivyo, mama akiwasha kamera na kumtazama mwanawe kwenye kioo mpaka betri inaisha.

Kisha kadi ikaanza kukataa. Dhahabu ilikuwa imefifia. Baba aliitoa, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha, ikakubali. "Imeshika uchafu tu," alisema. Lakini na yeye aliingiwa hofu, maana alimwahidi mama kwamba Jumatatu angevuka Bukavu. Akaiweka kadi ndani ya bahasha juu ya kabati.

Sasa, kwetu msichana alipimwa kwa sufuria zake. Kila Jumamosi tulizisugua kwa majivu na kipande cha gunia, tukazipanga kifudifudi mbele ya nyumba ili wamama wanaopita waseme. Zangu zilisifiwa. "Angalieni za Josiane, unaweza kuchana nywele mule!" Jumamosi ile sifa zilinipanda kichwani. Nilikuwa karibu na miaka kumi na mitatu. Nikaishusha bahasha, nikachekecha majivu laini, nikaisugua ile dhahabu taratibu kama mfuniko. Iling'aa. Nikaiosha, nikaianika, nikairudisha bila kumwambia mtu. Nilitaka mama ashangae.

Jumatatu baba alirudi mapema. Mama alimngojea mlangoni na fremu aliyokwisha kuinunua. Baba hakumtazama. Alinitazama mimi, akaviangalia vidole vyangu, kisha akasema, "Ile mashini ilikufa. Kadi za namna hii wakati wake umepita, bantu baliziacha."

"Niiweke basi kwenye kamera nimwone," mama alisema.

"Na kamera imekufa."

Wiki ileile aliiuza kamera kwa fundi. Mimi nilimeza siri yangu, na Mungu anisamehe, nilipata nafuu: si mimi, ni mashini.

Mama hakumsamehe. Miaka yote aliyobakiza alianza hivi: "Papa Josiane, ulisema haiwezi potea." Mezani, mbele ya wageni, hata kwenye kitanda alichofia. Jina langu lilitangulia kila lawama. Nami nilimfuata mama. Nilipokuwa mkubwa nilimwambia baba usoni kwamba uzembe wake ulimzika Désiré mara ya pili. Aliitikia, "Ndiyo, binti yangu," akaendelea kufunga viatu.

Mwaka jana tulimzika baba. Katika Biblia yake nikaikuta ile bahasha, kadi imo ndani. Niliipeleka kwa fundi wa simu, mwanamke mwenye kibanda karibu na kituo cha mabasi. Akaigeuza kadi chini ya taa.

"Maman, mashini ya hizi ninayo. Juzi tu nimetoa picha za harusi kwenye kadi kama hii. Hii yako haikuzeeka, balikwangua dhahabu yote. Nani alisugua hivi?"

"Mimi," nikamwambia.

Ndipo nikaelewa yale macho ya baba juu ya vidole vyangu. Neno moja tu, na mama angenichukia mimi. Akachagua achukiwe yeye, nyumbani mwake, mpaka mwisho. Simsafishi yote: alikuwa na mwaka mzima wa kuitoa ile picha. Lakini kosa lake alilibeba, na langu akaliweka juu yake, nami nikamtukana akiwa amebeba. Mama hayupo nimwambie. Baba hayupo nimwombe radhi.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nikawaita wote sebuleni, binti yangu na mtoto mgongoni, wanangu wadogo, na mume wangu ambaye ana tabia ya kuwafichia batoto makosa. Sikuwaambia wakae.

"Kuanzia leo, atakayeharibu kitu humu ndani atasema yeye mwenyewe, siku ileile. Na muntu asimubebee."