Mahali Petu Kwenye Matete

Harufu ya majani ya mkalitusi yanayochemka hunirudisha Baraka, mji wa utoto wangu, chini ya kitenge cha mama, uso wangu juu ya sufuria, jasho na makamasi vikishindana kunitoka. Nyinyi mnaopumua bila kufikiri hamjui raha mliyo nayo. Mimi nilizaliwa na pua iliyonuna. Usiku ilikoroma, mchana ilipiga mluzi, na kiangazi, vumbi jekundu la barabara ya Fizi lilipoingia, ilitoka damu.

Damu ikianza, mtaa mzima uligeuka waganga. Huyu ananiinua kichwa nitazame mbingu, yule ananimwagia maji baridi utosini, mwingine analeta jani ambalo hata yeye hajui jina lake. Nilimeza damu mpaka nikatapika. Mama Feza, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alizoea kumtania mama: "Mutoto yako iko na birika ndani ya pua." Alikuwa mcheshi, nami nilimpenda.

Kabla vita havijafunga barabara, mama alinipandisha Fizi kwa muganga wa hospitali. Muganga akasema ni sinizite, uvimbe wa ndani ya pua, ugonjwa wa muda mrefu usiotaka haraka.

"Usimuinue kichwa tena," alimwambia mama. "Ainame mbele, akamate pua hapa kwa nyama, si kwa mufupa. Apumue na kinywa, na damu ateme."

Akatufundisha pia kusafisha pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, kisha kupaka vazelini ndani isikauke. Mama alilishika neno hilo kama sala. Hata chumvi ilipoadimika sokoni, ya pua yangu haikukosekana. Sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo, ndiyo iliyopikwa chapwa, nami nikanung'unika. Pua ikapata nafuu, lakini kupona haikupona.

Halafu vita vikatufikia. Kila asubuhi bunduki zilipolia, watu wa mtaa wetu walikimbilia pamoja kwenye mashamba ya mihogo, wakajificha humo mpaka hali itulie. Mama na mimi hatukwenda nao. Sisi tulikuwa na mahali petu, kwenye matete ya mto Mutambala, wawili tu. Mama aliniambia kule kuna hewa nzuri kwa pua yangu, hakuna vumbi. Niliamini kabisa, tena niliringa. Niliwaambia watoto wenzangu kwamba wao wanabanana mihogoni kama ndagala kikapuni, mimi nina mama yangu peke yangu.

Siku moja watu wenye bunduki walipita karibu sana, hata tulisikia mazungumzo yao. Saa ileile damu ikaanza. Niliinama mbele, nikabana pua, nikafungua kinywa. Damu ilidondoka juu ya kitenge cha mama bila sauti, na pua iliyobanwa haikupiga mluzi. Mama aliweka mkono mgongoni mwangu. Wakapita. Tuliporudi nyumbani, mama alikwenda kuomba moto kwa Mama Feza kama kawaida, wakatwanga sombe pamoja na kucheka.

Mama alifariki nikiwa mtu mzima, mwenye watoto wangu. Kwenye matanga, Mama Feza, ambaye sasa alikuwa amezeeka, alinivuta pembeni.

"Riziki, ni siye tulimukatalia mama yako kujificha na siye kule mihogoni," alisema. "Tulikuwa na batoto. Tuliogopa ile pua yako itasikika. Hakugombana na siye. Alisema tu, 'Muko na haki. Miye na mutoto yangu tutakwenda upande ingine.'"

Sikumkasirikia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kila mzazi kule mihogoni alikuwa na wa kwake. Ningekuwa na Feza mgongoni, labda nami ningesema vilevile. Kilichoniliza ni ile furaha yangu ya utotoni, ambayo mama aliniachia miaka yote bila kuigusa. Nilijua amenipa mahali pazuri kuliko pa watoto wengine wote. Kumbe alichagua mahali ambapo, pua yangu ikisikika, tungekufa wawili tu, na wale waliotukataa wangebaki hai.