Maziwa Yaliyogoma Kuganda

Maziwa yangu yalikaa kibuyuni siku tatu bila kuganda.

Siku tatu, jamani! Kwa joto lile la Kaduna!

Mimi ni Takko, Mfulani wa kuzaliwa. Kwetu ng'ombe ni wa mume, maziwa ni ya mke. Mke asiyeweza kugandisha mtindi ataficha wapi uso? Wateja wangu wa fura, ule uwele tunaouchanganya na mtindi, walishaanza kunikwepa sokoni.

Nani kaniroga? Sikutafuta mbali. Mke mwenzangu, Daso, mtindi wake uliganda vizuri mpaka ukanitia hasira.

Nikamvaa kisimani, mbele za watu.

"We Daso, toa mkono wako kwenye kibuyu changu!"

Akacheka. "Dada, changu tu kukisugua nachoka, nitakiweza chako?"

"Mchawi mkubwa we!"

Hapo hakucheka tena. Alijitwika ndoo yake akaondoka, na salamu zikaisha.

Mume wetu akasema maziwa yakiharibika aulizwe ng'ombe. Akamleta daktari wa mifugo, binti anaitwa Asabe.

Akaanza na ng'ombe wa Daso, kimbaombao chenye pembe moja. Akakamulia maziwa kwenye kisahani, akatia sabuni ya maji, akazungusha. Yakabaki mepesi kama maji. "Huyu mzima," akasema.

Akaja kwa Oole, ng'ombe ninayemkamua mimi. Anang'aa, kiwele kimejaa, hana uvimbe wala homa. Nikasimama kwa maringo yangu yote.

Maziwa ya chuchu mbili yakawa mlenda mtupu.

"Huyu anaumwa ndani kwa ndani," Asabe akasema. "Kwa macho humjui. Mnampa dawa gani?"

"Hatumpi kitu," mume wetu akajibu.

Mimi nikawa natazama vidole vyangu vya miguu.

"Mama?" Asabe akaniita.

Nikatapika yote. Maziwa yalipoanza kupungua, nilinunua vidonge vya rangi mbili kwa mchuuzi anayetembeza dawa kwenye sinia, nikawa namchanganyia Oole kwenye pumba kila asubuhi. Kimyakimya, maana kwetu dawa ya ng'ombe ni kazi ya wanaume.

"Dawa imeingia kwenye maziwa, ikaua vijidudu vinavyogandisha," Asabe akasema. "Vya ugonjwa umevionjesha kidogo kidogo, vikazoea."

Akachukua maziwa kidogo ya kupima maabara. Majibu yalikuja wiki iliyofuata: dawa tatu hazivigusi kabisa vijidudu hivyo. Chuchu mbili za Oole zikakaushwa, basi tena. Nililia kama nimefiwa.

Dawa ilipomtoka mwilini, nikaruhusiwa kugandisha ya chuchu zilizobaki. Lakini mtindi hauanzi bila kijiko cha mtindi mwingine, na wangu nilishaumwaga wote. Nyumba nzima alikuwa nao mtu mmoja.

Nikasimama mlangoni kwa Daso, mdomo mzito.

"Umefuata ule mkono wangu?" akauliza.

"Nisamehe, mdogo wangu."

Akachota kijiko kimoja. "Chukua. Kesho utaniomba radhi kisimani, kwa sauti ileile."

Nikaenda. Nikapaza sauti mpaka punda wakageuka.

Ndugu zangu, kabla hujamwita mtu mchawi, kumbuka kwanza ulichotia kwenye pumba. Kijiko cha kuanzia upya huenda anacho yeye.