Majivu Niliyoyafagia

Majivu yaliyolowa umande yana harufu yake, chungu kidogo, kama chuma kilicholala nje. Mpaka leo, mtu akimwaga majivu ya mkaa nyuma ya nyumba hapa mtaani Yeoville, ugenini, narudi kwetu Kongo, kwenye kijiji chetu cha mlimani, ambako ukungu ulishuka kutoka msituni ukakaa uwanjani mpaka saa nne. Msimu mmoja wa mvua kuku wetu walianza kuisha mmoja mmoja. Hakukuwa na damu wala kelele, ni manyoya matatu manne tu. Mama alisema ni paka wa msitu, yule mdogo ambaye wawindaji walizeeka bila kumwona. Baba mkubwa alicheka. "Paka gani huyo asiyeonekana? Mwizi ni huyu mnayemlisha," akasema, akimwonyesha kwa mguu mbwa wangu, Bosi.

Kwetu mbwa aliyeonja kuku haachwi hai. Baba, mtu wa maneno machache, alisema tuyaulize majivu kwanza. Jioni aliyamwaga kuzunguka banda la kuku, akayalainisha kwa jani la mgomba, akanieleza: mbwa akikanyaga, kucha zinaonekana, paka huficha zake, huacha vidole vya mviringo tu. Asubuhi tungejua kama Bosi atabaki.

Nilikuwa na miaka kama minane, na kazi yangu ilikuwa kufagia uwanja kabla wakubwa hawajatoka. Msichana aliyekutwa na jua uwanja ukiwa mchafu alionja fimbo. Basi niliamka, nikainama, nikafagia kama kila siku, mikono ikienda yenyewe. Nilipofika nyuma ya banda ndipo nikaona alama mbili zilizosalia kwenye majivu, ndogo, za mviringo, bila kucha. Ningeita. Lakini nikageuka, nikaona nilivyokwisha kuyafagia majivu mengine yote, nikaiogopa ile fimbo. Nikazifagia na hizo mbili. Baba alipotoka aliniuliza, "Umeona nini?" Nikajibu, "Sikuona kitu." Kwa kuwa hapakuwa na alama ya paka ya kumtetea, Baba mkubwa akamfunga Bosi kamba, akaenda naye msituni, naye Bosi akamfuata akitikisa mkia. Ilirudi kamba tu. Wiki iliyofuata akapotea kuku mwingine.

Juzi mjukuu wangu Naomi, aliyezaliwa hapa hapa, aliniletea simu anionyeshe kazi ya shule: paka wadogo wa porini wa Amerika ya Kusini, wenye madoa, wanaokaa kwenye misitu ya milimani yenye ukungu kama ya kwetu. Watu hufunga kamera kwenye miti, hungoja miezi, na hupata picha ya mkia tu. "Eish, Koko, hata wataalamu hawawaoni," akasema; Koko ndivyo anavyoniita mimi bibi yake. Nikamwambia mimi niliona nyayo za mmoja wa kwetu, nikamsimulia yote, jambo ambalo hata mama yake halijui. Naomi akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Koko, sasa kwa nini hukusema?"

"Niliogopa fimbo."

Watoto wa siku hizi hawajui kushika ufagio, nami nawasema kwa hilo bila kuchoka. Lakini kesho yake Naomi alivunja sahani yangu ya maua, akaja na vipande mkononi kabla sijauliza. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa nimkaripie. Nikakifunga. Nikamwambia alete ufagio, tukafagia wote wawili.