Kitufe cha Yeyo

Mimi najiita fundi wa tovuti hapa Kitengela, kwa hivyo nilimtengenezea mama mkwe wangu, Yeyo, ukurasa wa kuuzia shanga zake kule Namanga. Kitufe cha "Agiza hapa" nilikiweka kama pambo tu, nikisema nitakiunganisha kesho. Nikasahau. Mwezi ukaisha bila oda hata moja, nami nikamwambia kitaalamu, "Wateja wa siku hizi ni wagumu, Yeyo."

Jumapili akatutembelea. Akatoa simu mbele ya mke wangu, akanionyesha kidole chenye sugu ya sindano.

"Mwanangu, hebu nibonyezee wewe hiki kitufe cha kuagiza. Mimi hujaribu kila siku, lakini nafikiri sindano imeua vidole vyangu."

Nikabonyeza, mke wangu akichungulia. Kumbe hata vyangu laini vilikuwa vimekufa.