Mikono ya Syrga

Batma hakuwa mtu wa kubembeleza. Msichana akikosea mshono, aliufumua wote mbele ya macho yake, akamwambia akalie kando, asilowanishe sufu. Karakana yake ilikuwa zizi la zamani la kondoo pembezoni mwa kijiji cha At-Bashy, huko milimani, na wanafunzi wake walikuwa mabinti waliokwisha kukatiwa tamaa: huyu kaachishwa shule, yule baba yake mlevi, mwingine mama kaenda Urusi kufagia maofisi na hajarudi. Aliwafundisha kushona mazulia mazito ya sufu iliyoshindiliwa, yenye nakshi za pembe za kondoo dume, na hotuba yake ilikuwa moja tu: "Shoneni! Mkiwa na chenu, hakuna atakayewapangia maisha."

Wao walimwita eje, dada mkubwa. Aliyempenda zaidi, ingawa asingekiri hata kwa viboko, alikuwa Syrga, yatima wa miaka kumi na saba aliyelelewa na mjomba asiyemwona ila wakati wa kula. Syrga alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo mshono wake ulilala upande usiolala wa mtu mwingine yeyote. Vuli ikifika, yeye na wenzake wawili wangepanga chumba mjini Naryn, washone kwa jina lao.

"Chumba chenye ufunguo, eje," alisema. "Na ufunguo niwe nao mimi."

Kwenye maonyesho ya masika, Batma akapata wazo. Kila msichana akae kando ya zulia lake, mnunuzi amjue fundi, madalali wasile jasho la watoto. Wazo zuri, sivyo? Wanunuzi walipita wachache. Waliosimama sana walikuwa akina mama wenye wavulana wa kuoa. Waligeuza mazulia wakagusa upande wa chini, kisha wakawashika wasichana vidole na kuuliza umri wao. Batma, maskini, akadhani wanasifu kazi.

"Huyu hachoki!" alimwambia Zuura, mke wa mfugaji wa kijiji cha pili, huku akimpiga Syrga begani. "Zulia hili kalishona peke yake, baridi nzima, wala hukumsikia akinung'unika."

Alimnadi mtoto kwa kinywa chake mwenyewe.

Wiki ile haikwisha. Syrga alikuwa akitoka karakana gari lilipomzibia njia, vijana wanne wakambeba mzobemzobe. Mmoja wao alikuwa mtoto wa Zuura, ambaye hakuwahi kumpa hata salamu.

Batma alipofika kwa Zuura, kondoo alikuwa ameshachinjwa. Polisi ambaye Batma alikuwa amempigia simu alikuwa hapo hapo karamuni, mafuta ya nyama yamemfika viwikoni.

"Eje, sheria naijua," alisema akitafuna. "Ila leo ni siku ya furaha. Mbona umekuja na uso wa msiba? Mjomba wake mwenyewe kesharidhia."

Ndani, wanawake walikuwa wakimfunga Syrga kitambaa cheupe cha bibi harusi, naye akikivua na kukitupa. Kikikaa kichwani, basi, kaolewa. Aliposikia sauti ya Batma alichomoka mikononi mwao, nywele timtim, kiatu kimoja mguuni, akakimbilia mlango. Pale kizingitini alikuwa amelala kikongwe, mama mkwe wa Zuura, kajinyoosha mlango mzima. Msichana anayemruka mzee hutoka na laana yake.

"Ruka!" Batma alipiga kelele. "Ruka, mwanangu, niko hapa!"

"Niruke," kikongwe alisema taratibu, kana kwamba anakaribisha chai. "Watoto wako ndio watakaolipa."

Syrga alisimama. Akamtazama mwalimu wake.

"Eje, wewe uliruka?"

Hakuna pale uani asiyejua kwamba Batma aliletwa At-Bashy nyuma ya lori akiwa binti, wala kwamba kizingitini alilazwa mzee mwingine. Angeweza kudanganya. Siku ile uongo ungekuwa dawa. Lakini aliinamisha macho kwenye kizingiti.

"Mjibu basi, mama mwalimu," Zuura akacheka. "Si unafundisha?"

Wanawake walimvuta Syrga ndani. Walipomfunga tena kitambaa, hakukivua.

Tangu hapo Batma hakumpeleka msichana yeyote kwenye maonyesho. Masika yaliyofuata Zuura alikuja mwenyewe karakana, amejitwika zulia, anatafuta mnunuzi. Batma alilikunjua akaujua mshono kabla hajainama. Kisha, kwenye robo ya mwisho, mshono ukabadilika: ulilala upande wa kulia, umepindapinda kama wa mtoto anayeanza.

"Mkono wake wa kushoto una nini?" aliuliza.

"Alianguka," Zuura alijibu. "Vidole havikunjiki tena. Lakini ana akili, sasa anajifunza wa kulia. Umemfundisha vizuri, eje, Mungu akupe maisha marefu."

Batma alitaka kumrukia. Alibaki ameshika ncha ya zulia, anaipapasa tu ile mishono mibovu. Zuura alikuwa keshageukia benchi walipokaa wasichana.

"Yule wa mwisho, mwenye sweta jekundu, ni wa nani?" aliuliza. "Nina mdogo wake mwanangu, bado hajaoa."

Msichana alisikia. Aliweka sindano chini, akaisukuma mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.