Maksai Mzee Kwenye Chumba cha Mtihani

Nilikomea darasa la nne na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Nyumba yangu ya bati niliijenga mwenyewe, na kwa miaka mingi hakuna mkulima wa Nkoma aliyeuza pamba bila kupita mkononi mwangu. Nilikuwa mpima pamba wa chama cha ushirika. Nilitumbukiza mkono kwenye gunia mpaka kiwikoni, nikakwambia: hii safi, hii fifi, yaani chafu ya daraja la pili, na hii umeimwagia maji jana, usinitazame hivyo.

Likaja soko huria. Ushirika ukayumba, wanunuzi binafsi wakaingia na magari yao, na kampuni moja ikatangaza inataka mpima wa kituo kile kile changu, mzani ule ule. Sharti lao ni mtihani wa Kiingereza, kwa kuwa fomu zao zote ni za Kiingereza. Tukagawiwa karatasi ya mazoezi. Kila sentensi ina pengo, chini yake maneno manne, nawe uchague moja la kuziba. Nikifeli, mzani wangu unakwenda kwa kijana wa mjini ambaye akiambiwa fifi atadhani ni jina la mbwa.

Bahati ni kwamba binti yangu wa kidato cha tatu alikuwa likizo. Yeye amebeba jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo tangu azaliwe namwita mayu, yaani mama. Likizo ile alikitumia cheo hicho chote.

Tulikaa barazani tukichambua pamba, karatasi imebanwa na jiwe. Maneno ya kuokoteza nilikuwa nayo, ya kwenye maghala na viwandani. Yale nisiyoyajua alinitafsiria, nikayakariri kama majina ya ng'ombe. Shida haikuwa maneno. Shida ilikuwa zile sentensi zenyewe, zilikuwa za kijinga.

“Mkulima alifurahi kwa sababu mvua ilikuwa nini?” aliuliza. “Nyingi, kidogo, ndefu au nyekundu?”

“Mwezi gani?”

“Haijasema mwezi, baba.”

“Basi aliyeitunga hajawahi kulima. Ikinyesha nyingi wakati pamba imeshapasuka, huyo anafurahia nini? Andika kidogo.”

“Umekosa.”

“Nimekosa mimi au yeye?”

“Wewe. Nyanyuka ukachote maji.”

Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu aliyoipanga: kila ninapokosa, ndoo moja. Siku ya kwanza nilijaza pipa. Rafiki yangu mmoja wa Nkololo, aliyekuja kuazima nira, alinikuta njiani na ndoo begani, akanisalimu kwa Kisukuma.

“Mwadila, mzee wa mzani! Mke amekukimbia?”

“Nasoma.”

“Unasoma kisimani?” Akacheka mpaka akasahau nira.

Niliporudi nikamwambia binti yangu inatosha, hiyo kampuni na ife na sentensi zake. Hakubembeleza. Alisema, “Mwanangu, hebu kaa.” Nikakaa. Ungefanya nini, na ni sauti ya mama yako?

“Sentensi haikuulizi wewe unajua nini,” alisema. “Inakuambia yenyewe inataka nini. Tafuta neno dogo la katikati. Ukikuta because, inaendelea kule kule ilikokuwa inakwenda. Ukikuta but, inageuka. Although ni hiyo hiyo but, ila imetangulia mbele.”

“But ni lakini?”

“Ni lakini.”

Nikaweka pamba chini. “Mbona hukusema tangu asubuhi? Hayo ni mambo ya mnadani!”

Muuza ng'ombe akikwambia dume hili limenona, lina nguvu, limezaliwa kwenye zizi la baraka, usihangaike kusikiliza. Subiri lakini. Ugonjwa uko hapo. Nimenunua ng'ombe kwa sikio hilo maisha yangu yote. Na muuzaji mjanja kweli hufanya kinyume: hutanguliza kilema, “anachechemea kidogo, lakini mfunge plau uone.” Unaondoka umesahau mguu, unakumbuka plau.

“Soma nyingine,” nikasema.

Ingawa maksai alikuwa mnene, alikuwa nini? Zamani ningesema ana nguvu. Sasa nikasema mgonjwa, hata kabla hajamaliza kusoma yale manne. Tangu hapo sikukosa tena, na pipa likakauka.

Mtihani tuliufanyia Bariadi mjini, kwenye darasa la kuazima. Vijana walikuja na tai. Mimi nilikuja na koti langu la kanisani, magoti yakigonga dawati. Sikubishana na sentensi hata moja, ingawa ile ya saba ilistahili.

Baada ya kusahihisha, meneja wao, kijana mnene wa Dar, alituita mmoja mmoja. Alitazama karatasi yangu, akanitazama mimi, akatazama tena karatasi.

“Mzee, umefaulu vizuri kabisa,” alisema. “Umewapita vijana wengi. Lakini…”

Alipotaja tu lile neno, nilijua gunia langu limeshawekwa kando.

“Lakini umri umekwenda.”

Nikamwambia, “Bwana meneja, umeniuza vibaya.”

“Nimekuuza?”

“Kama muuza ng'ombe mgeni. Umetanguliza sifa, ukamalizia na kilema, hapo nani atanunua? Anza na umri. Sema: mzee huyu umri umekwenda, lakini amewapita vijana. Sema hivyo kwa bosi wako, uone.”

Aliangua kicheko, kalamu ikamwanguka. Kisha akaiokota, akaandika vile vile nilivyosema.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu. Binti yangu alikuwa barazani na pamba yake. Alinyanyua ndoo tupu na kuining'iniza kidoleni, akisubiri.

“Iweke chini, mayu,” nikamwambia. “Kesho nafungua mzani.”